Masika na ajali: jinsi ya kupima kama matengenezo ya barabara yamesaidia kweli

Assalaam alaykum. Kila kaskazi ikianza kulegea, kabla mvua hazijashika, najua simu yangu itaanza kulia na maswali ni yale yale. Kamati ya shehia imezibua mitaro, imefyeka majani, imeziba mashimo, sasa wanataka kujua kama kazi ile imepunguza ajali au wamechoka bure. Mwengine anauliza "mfadhili anataka namba, nimpe namba gani?" Mwengine ajali zake zimeshuka kutoka 11 mpaka 9 na anataka aandike ripoti usiku huo huo. Basi leo naandika yote pamoja, hatua kwa hatua, kwa mtu ambae hajawahi kupima kitu na ana daftari na simu tu.

Kwanza hili lishike. Usipohesabu kabla ya kutengeneza, hakuna atakaekuja kukuhesabia baadae. Mtaro ukishazibuliwa ile hali ya mwanzo imeshakwenda na hairudi mpaka uzibe tena, na hakuna anaetaka uzibe tena.

Hili mimi limenifika. Bondeni kwetu huku Pemba tulizibua mtaro mwezi wa pili, watu 30 siku 4, majembe na mabeleshi, kina mama wanapika uji pembeni. Masika ikaja, ajali zikapungua, tukafurahi, tukabeba karatasi yetu mpaka ofisi moja kuomba saruji ya kujengea ule mtaro uwe wa kudumu. Afisa akasoma, akauliza suali moja tu: mvua ilikuwaje mwaka huo? Tukaangaliana. Mvua ilikuwa ndogo, kila mtu anakumbuka migomba ilivokauka, ila ndogo kiasi gani hakuna alieandika. Saruji hatukupewa, na kusema kweli suali lake lilikuwa la haki.

Suali hilo hilo wanaulizana wenzetu wa nchi za baridi kila mwaka. Finland, Sweden, Canada, Marekani ya kaskazini, wao barabara inaganda barafu, wanapita na magari ya kusukuma theluji na wanamwaga chumvi kwa sababu maji ya chumvi hayagandi kwenye nyuzi 0 kama maji matupu (ikishafika kama 10 chini ya sifuri chumvi ya kawaida nguvu yake inakuwa ndogo sana). Wanatumia pesa nyingi kila msimu, kwa hiyo lazima waulize: chumvi ndo imeokoa watu au baridi ya mwaka huu ilikuwa nyepesi? Njia walizozipata kujibu zinatufaa na sisi, badili theluji weka masika, badili chumvi weka jembe la kuzibulia mtaro.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Daftari mbili za mistari (moja ya ajali, moja ya mvua na matengenezo), penseli sio peni, utepe wa kupimia wa mita 50, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, chupa moja ya plastiki iliyonyooka ubavu, rula, fimbo ya kama mita moja uliyoichora alama kila sentimita 5, na chokaa kidogo. Halafu watu: uwe na wenzako wawili watatu wanaokaa njiani kila siku, mwenye duka, fundi baskeli, mlinzi wa skuli. Na sheha ajue mapema, mwende mkamueleze, asije akasikia kwa watu kwamba kuna vijana wanasimama barabarani wanaandika gari za watu.

HATUA 1. Chagua kipande, na mtafutie pacha

Chagua kipande cha barabara chenye mwanzo na mwisho unaojulikana, "kutoka msikitini mpaka kwenye daraja", kisha kipime kilomita zake kwa gari au kwa simu. Kilomita 2 mpaka 5 inatosha. Usiseme "barabara ya Chake mpaka Wete" yote, huiwezi.

Halafu tafuta pacha. Pacha ni kipande chengine kinachofanana na chako, lami ya aina moja, mabonde ya aina moja, gari zinakaribiana, ila HAKITATENGENEZWA mwaka huo. Watu wanaliruka hili kwa sababu wanaona ni kazi mara mbili, na ni kweli ni kazi mara mbili, lakini pacha ndie shahidi wako. Kama ajali zimepungua kwako na kwa pacha pia zimepungua hivo hivo, basi sio mtaro wako, ni kitu kilichozipitia barabara zote mbili: mvua ndogo, petroli imepanda watu wameacha vespa nyumbani, trafiki wamesimama sana mwaka huo.

Angalizo: tusichague kipande kwa sababu tu mwaka jana kilikuwa na ajali nyingi mno. Mwaka mbaya mara nyingi unafuatiwa na mwaka wa kawaida hata usipogusa kitu, ndo hali ya dunia, na wewe utajipa sifa ambayo ni ya bahati. Kama lazima uchague hapo, angalia miaka mitatu ya nyuma, usiangalie mmoja.

HATUA 2. Amueni ajali ni kitu gani

Kaeni chini muandike ukurasa wa kwanza wa daftari: ajali ni ipi? Mimi natumia madaraja matatu. La kwanza, mtu ameumia akapelekwa hospitali au amefariki. La pili, mtu ameumia kidogo au chombo kimeharibika, wakamalizana wenyewe pale pale. La tatu, hakuna aliegusana ila watu wameponea chupuchupu, gari imeserereka, honda imeyumba ikatoka nje ya lami, daladala imekwepa dimbwi ikaenda upande wa pili (hili la tatu haliingii kwenye hesabu ya ajali, tutalitumia peke yake hatua ya 7).

Madaraja haya yasibadilike mpaka mwisho. Mwaka wa kwanza mkihesabu zile za hospitali tu, mwaka wa pili mkaongeza na za kumalizana, namba itapanda na barabara itaonekana imeharibika baada ya kutengenezwa.

Na majina ya watu msiandike. Andika "mwanamme, miaka 20 na kitu, baskeli, saa 12 na robo asubuhi, mvua inanyesha". Mtu akijua jina lake linaandikwa hatakwambia tena.

HATUA 3. Zikusanye ajali za nyuma

Nenda polisi kitengo cha usalama barabarani ukiwa na barua ya sheha. Nenda hospitali iliyo karibu, Pemba ni Abdalla Mzee pale Mkoani, Chake au Wete, Unguja ni Mnazi Mmoja na hospitali za wilaya, uliza kama unaweza kupata hesabu tu bila majina. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali nayo inatoa takwimu za ajali za Zanzibar kwa wilaya, hizo hazitakwambia kuhusu bonde lako lakini zitakwambia kama wilaya nzima imepanda au imeshuka, yaani ni kama pacha mkubwa.

Polisi watakuwa na zile kubwa. Zile ndogo ziko kwa watu. Fundi wa honda anajua kila taa iliyovunjika, muuza duka anajua kila mtu alieokotwa tope usoni.

Angalizo kubwa, limeshaharibu daftari za watu wengi: MASAA. Polisi na hospitali wanaandika 1900, mwenye duka anakwambia saa 1 usiku, mwengine anaandika 7. Yote ni wakati mmoja. Chagueni mtindo mmoja, na ukichukua kwa mtu uliza "usiku au mchana?" hapo hapo. Niliona daftari moja lina ajali tatu za saa 7 mchana, watu wakaanza kusema tatizo ni jua la adhuhuri linawapiga madereva machoni, kumbe mwandishi alichukua 7 ya jioni ya kizungu, watu wanarudi mjini giza limeingia na mvua inanyesha.

HATUA 4. Hesabu gari, sio ajali peke yake

Barabara ikitengenezwa watu wanaipenda. Waliokuwa wanazunguka njia nyengine wanarudi kwako. Gari zikiongezeka na ajali zikibaki pale pale, maana yake kila safari moja imekuwa salama zaidi, lakini ukiangalia ajali tu hutaliona.

Chagua siku tatu: siku moja ya kazi ya kawaida, Ijumaa, na Jumapili. Kaa kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni, mpokezane. Piga vijiti vinne na cha tano kikate, mistari tofauti kwa gari ndogo, daladala, gari za mizigo, vespa na honda, baskeli, na gari za ng'ombe na punda. Watoto wa skuli wanaotembea kwa miguu wahesabu pia wakati wa kwenda na kutoka. Rudia kila mwezi wa masika, Machi, Aprili, Mei, kabla na baada, siku zile zile za wiki.

Angalia kalenda mbili. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, 2022 ilianza mwanzo wa Aprili, 2025 ikaanza mwanzo wa Machi, kwa hiyo Aprili ya mwaka mmoja inakuwa na zile mbio za saa 11 na nusu jioni kuwahi futari na Idd yake, Aprili nyengine haina. Na Pemba kuna karafuu. Msimu wa kuchuma ukishika gari zinaongezeka, pesa inaingia, honda mpya zinanunuliwa, na karafuu zenyewe zinaanikwa kwenye majamvi pembeni ya lami mpaka gari mbili zinapishana kwa kuhesabiana. Ukilinganisha mwezi wenye karafuu na mwezi usio na karafuu utakuwa unapima karafuu.

HATUA 5. Pima mvua

Kata chupa sehemu ya juu inapoanza kubana, igeuze uichomeke kama faneli. Chini ya chupa pana mabonde mabonde, tia maji mpaka yapite pale na uchore mstari, hapo ndo sifuri yako. Iweke pahala pa wazi mbali na mti na paa, uifunge na kijiti isianguke. Kila siku saa 3 asubuhi soma milimita kwa rula, andika, rudisha maji mpaka sifuri. Ndo wakati ule ule wanaosoma watu wa hali ya hewa, utaweza kulinganisha na wao. Siku yenye milimita 1 au zaidi iite siku ya mvua.

Hilo la milimita ni rahisi. La muhimu zaidi ni MASAA ya mvua. Kila saa ambayo mvua imenyesha, tia alama, na saa moja inayofuata baada ya mvua kukatika itie pia kwani lami bado imerowa. Mchana mwenye duka anaweza, usiku mlinzi wa skuli. Usihesabu kwa kuangalia dimbwi! Dimbwi ndilo unalojaribu kuliondoa, mtaro ukifanya kazi dimbwi linaondoka mapema, na kama masaa yako unayahesabu kwa dimbwi utakuwa umekata faida yako mwenyewe. Hesabu mvua kutoka mbinguni.

Dimbwi lipime peke yake. Mvua ikikatika, chovya fimbo pahala pale pale pa kina, andika sentimita na saa, rudi kila nusu saa mpaka barabara ionekane. Bondeni kwetu kabla ya kuzibua maji yalikuwa yanafika alama ya tatu ya fimbo na yanakaa mpaka alasiri, maji rangi ya chai ya maziwa, na chini yake kuna shimo la ukubwa wa sinia ambalo mgeni halijui. Kijana wa samaki na tenga lake nyuma ya baskeli alizama gurudumu la mbele pale saa 1 asubuhi, dagaa wote wakaelea, na yeye mkono ukavunjika. Wenyeji wote walikuwa wanajua kupita upande wa kushoto. Yeye alikuwa ametoka kijiji chengine.

Ile mvua ya mwanzo baada ya ukame iandike kwa alama yake maalum. Vumbi na mafuta ya gari yamekaa juu ya lami miezi, maji machache yakiingia inakuwa utelezi kama sabuni, na madereva wameshasahau. Marekani waliona kitu kama hicho kwenye theluji: siku za theluji kwa jumla zina ajali za vifo chache kuliko siku kavu, kwani watu wanakwenda polepole, ingawa ajali ndogo ndogo zinakuwa nyingi, lakini siku ya kwanza ya theluji ya msimu vifo vinapanda.

HATUA 6. Andika matengenezo yenyewe

Watu wanasahau hii kabisa, mwisho wa mwaka hakuna anaejua mtaro ulizibuliwa tarehe ngapi. Andika tarehe, pahala, kilichofanywa na urefu wake. "Mita 140 za mtaro upande wa kulia zimezibuliwa." "Mashimo 6 yamezibwa kwa kifusi." Kifusi na lami uviandike tofauti, kifusi mvua mbili tatu kimeshatoka na shimo limerudi, na kama hujaandika limerudi lini utafikiri barabara ilikuwa nzima msimu wote.

Ukiweza usifanye kila kitu siku moja. Mkizibua mtaro, mkafyeka majani, mkaziba mashimo na mkachora mistari myeupe wiki moja, hutajua kipi kimesaidia. Najua kazi ya kujitolea watu wakishakusanyika unamaliza yote, na kama ni kuokoa mtu basi fanya yote usingoje. Ila andika.

HATUA 7. Mwendo na chupuchupu

Ajali za kweli ni chache, alhamdulillah, lakini uchache huo unafanya hesabu iwe ngumu. Kwa hiyo tunaongeza vitu viwili vinavyotokea mara nyingi.

Daftari la chupuchupu: kaa kwenye bonde masaa mawili ya mvua na masaa mawili makavu kila wiki, hesabu kila aliekwepa dimbwi akaingia upande wa pili, kila aliekanyaga breki ghafla, kila mtoto aliepanda juu ya lami kwa sababu pembeni kuna maji.

Mwendo: pima mita 50 kwa utepe, tia alama ya chokaa mwanzo na mwisho, simama mbali kidogo usionekane na madereva. Gurudumu la mbele likipita alama ya kwanza bonyeza, alama ya pili bonyeza. Chukua 180 ugawe kwa sekunde ulizopata, jibu ni kilomita kwa saa. Sekunde 3 ni 60, sekunde 4 na nusu ni 40. Pima gari 100, usichague zile za mbio tu. Kabla na baada.

Kwa nini mwendo? Kwa sababu barabara nzuri inakaribisha mguu wa mafuta. Mashimo yakiondoka dereva aliekuwa anakwenda 40 anakwenda 65, na faida yako ya mtaro inaliwa na mwendo. Ikitokea hivo sema, usifiche, na omba matuta. Matuta yanafanya kazi, mfano tunao hapa hapa: barabara inayopita msitu wa Jozani ilikadiriwa inaua kima punju mmoja kila wiki 2 au 3, baada ya kuwekwa matuta manne ikashuka mpaka mmoja kila wiki 6. Wamejuaje? Kwa sababu kuna watu walikuwa wanahesabu kima waliokufa kabla ya matuta kuwekwa.

HATUA 8. Piga hesabu

Namba hizi ni za kujifunzia tu, weka zako. Kipande kilomita 4, masika (Machi, Aprili, Mei) ni siku 92.

Kabla: ajali 11, gari 1,500 kwa siku. 1,500 mara 92 mara 4 ni kilomita 552,000 zilizotembewa. Gawa 11 kwa hiyo, zidisha milioni moja, unapata kama 19.9 kwa kila kilomita milioni.

Baada: ajali 9, gari 1,900. Kilomita 699,200, jibu kama 12.9.

Umeona? Ajali zimepungua asilimia 18 tu, ila hatari kwa kila safari imepungua kama asilimia 35. Usikimbie bado. Muulize pacha: kwake ajali zilikuwa 12 zikawa 10, gari hazikubadilika, yaani hatari yake imebaki 0.83 ya zamani bila kuguswa na mtu. Yako imebaki 0.65. Gawa 0.65 kwa 0.83, unapata kama 0.78. Basi sehemu inayoweza kuwa ya matengenezo ni kama asilimia 22, sio 35.

Halafu hesabu ya mvua, hii ndo mimi naipenda zaidi kwani barabara inakuwa shahidi wa nafsi yake. Kabla, masaa ya mvua 400 na makavu 1,808. Ajali 8 zilitokea kwenye mvua, 3 kwenye kavu. Kwa kila masaa 100 ya mvua ajali 2, kwa kila masaa 100 makavu ajali 0.17. Yaani mvua ilifanya hatari kuwa mara 12. Baada, masaa ya mvua 300 na makavu 1,908, ajali 5 za mvua na 4 za kavu: 1.67 na 0.21, mara 8. Hatari ya mvua imeshuka kutoka mara 12 mpaka mara 8, na hapa afisa akikuuliza mvua ilikuwaje jibu limo ndani ya hesabu yenyewe.

Angalizo: msilinganishe "siku kabla" na "siku baada" ndani ya dhoruba moja. Mwaka 1992 watu wa Chuo Kikuu cha Marquette huko Marekani walilinganisha masaa kabla ya kumwaga chumvi na masaa baada yake, wakapata upungufu mkubwa wa ajali, na ni kazi inayotajwa mpaka leo, ila fikiria wewe mwenyewe: masaa yanavyokwenda dhoruba nayo inapungua nguvu. Sehemu gani ni chumvi na sehemu gani ni dhoruba kuondoka? Kwetu ni sawa na kuzibua mtaro mwisho wa Mei ukasema Juni ajali zimekwisha.

HATUA 9. Pima wasiwasi wako

Chukua ajali zako, tafuta kipeuo cha pili, zidisha 2, ongeza na utoe. 11 kipeuo chake kama 3.3, mara 2 ni 6.6, kwa hiyo barabara ile ile bila kubadilika ingeweza kukupa chochote kati ya kama 4 na 18 kwa bahati tu. 9 imo ndani. Maana yake masika moja kabla na moja baada haitoshi kuthibitisha, inatosha kusema "dalili ni nzuri". Ukikusanya masika tatu, tuseme ajali 33, wasiwasi unashuka kutoka kama asilimia 60 mpaka asilimia 35. Ndo maana nasema miaka mitatu ya nyuma, na ndo maana daftari la chupuchupu, kwani huko una mamia sio 11.

Kwenye ripoti andika hivo hivo: hatari ya mvua imeshuka kutoka mara 12 mpaka mara 8, ajali bado ni chache, tunaendelea kuhesabu, dimbwi lilikuwa linakaa masaa sita sasa linakaa dakika 40, chupuchupu zimepungua kutoka kadhaa mpaka kadhaa. Anaesoma atakuamini zaidi kuliko alieandika "ajali zimekwisha kabisa".

UKIKWAMA

Ajali zimepanda baada ya matengenezo. Angalia mambo matatu kwa mpangilio huu: gari zimeongezeka? mwendo umepanda? watu wameanza kukuletea khabari zaidi kwa sababu sasa wanakujua? Hili la tatu ni la kawaida mno mwaka wa kwanza. Linganisha zile za daraja la kwanza tu, za hospitali, hizo hazitegemei nani anakujua.

Hakuna ajali hata moja, kabla wala baada. Shukuru Mungu, usiandike faida ya ajali. Tumia chupuchupu, mwendo na dimbwi.

Pacha ametengenezwa katikati ya msimu bila kukwambia. Hutokea, wizara haiwezi kungoja daftari lako. Kata hesabu yake mpaka tarehe hiyo, na yako ikate tarehe hiyo hiyo, halafu tafuta pacha mwengine kwa msimu ujao. Ndo uzuri wa kuwa na pacha wawili tangu mwanzo kama watu wapo.

Daladala moja imepinduka, watu 12 wameumia. Hiyo ni ajali 1, majeruhi 12. Ziandike safu mbili tofauti. Ukihesabu majeruhi kama ajali, tukio moja litafunika msimu mzima.

Siku kadhaa mvua haikusomwa, msiba, safari, mtu kaugua. Usibuni. Acha wazi, uliza kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege, na uandike kwamba umechukua huko. Mvua zetu zinanyesha kijiji hiki kijiji cha pili kikavu, kwa hiyo ya kituo ni ya kuzibia pengo tu.

Watu wamechoka kuhesabu gari. Punguza masaa, usipunguze siku. Saa 12 mpaka saa 3 asubuhi na saa 9 mpaka saa 12 jioni, mradi kabla na baada iwe masaa yale yale.

Daftari limerowa. Ndo nilisema penseli, wino wa peni unatiririka ukurasa wote unakuwa buluu. Litie kwenye mfuko wa plastiki, na kila Ijumaa baada ya sala piga picha kurasa za wiki umtumie mtu mmoja alieko shehia nyengine, ili siku bonde likijaa maji mpaka dukani daftari lisiende na maji peke yake.